Mzabibu Uking'olewa, Moto Hupita

Tarehe 5 Agosti 2025 moto ulizuka karibu na kijiji cha Ribaute, kwenye vilima vya Corbières katika mkoa wa Aude, kusini mwa Ufaransa. Hadi unadhibitiwa siku mbili baadaye, ulikuwa umekwisha kupita kwenye karibu hekta 16,000, eneo linaloushinda mji wa Paris kwa ukubwa. Mwanamke mmoja alifariki, nyumba kadhaa ziliteketea, na wazimamoto wapatao 2,000 waliitwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Na Ufaransa haina njaa ya vifaa. Ina ndege za kumwaga maji, helikopta, misururu ya magari, na sera ya miaka mingi ya kuuvamia moto ungali mchanga, kabla haujapata nguvu.

Wakulima wa Aude walikuwa na maelezo yao. Divai imekosa soko, ukame umezidi, na serikali imekuwa ikiwalipa wang'oe mizabibu. Maelfu ya hekta yameondoka kwa namna hiyo. Shamba la mizabibu linalolimwa huwa na udongo mtupu kati ya mistari na majani mabichi katikati ya kiangazi. Moto ukilifikia hupungua nguvu, mara nyingi hufia hapo hapo. Likitelekezwa, baada ya misimu michache linajaa nyasi kavu na vichaka, na moto hulivuka bila hata kupunguza mwendo. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua kuondoa kinga ya moto ya Corbières. Waliokuwa wakishughulika na soko la divai waliiondoa bila kujua kwamba ilikuwa kinga.

Habari hiyo ya mizabibu inagusa swali ambalo picha za televisheni hulifunika: kwa nini nchi zenye ndege nyingi zaidi, setilaiti nyingi zaidi na wazimamoto waliofunzwa vizuri zaidi kuliko wakati wowote uliopita zinaungua vibaya hivi? Mwaka 2025 zaidi ya hekta milioni moja ziliungua katika Umoja wa Ulaya, kiwango kikubwa kuliko vyote tangu mfumo wa Ulaya wa taarifa za moto wa misitu, EFFIS, uanze kutunza hesabu hizo mwaka 2006. Zaidi ya theluthi moja ya eneo hilo ilikuwa Hispania, hasa Ourense, Zamora na León, mikoa ambayo vijana wake wamekuwa wakihama tangu enzi za babu zao.

Ajabu ni kwamba ukitazama miongo tangu 1980, kwa jumla idadi ya mioto na hata eneo linaloungua kila mwaka katika nchi tano za kusini, yaani Ureno, Hispania, Ufaransa, Italia na Ugiriki, vilikuwa vikishuka. Zimamoto imekuwa hodari kweli. Inazima karibu kila moto unaozuka, na mingi haifiki hata hekta moja. Tatizo limejificha kwenye ile michache inayoponyoka. Hiyo ndiyo inayoua, ndiyo inayomeza misitu mizima, na huja kwa mafungu katika miaka mibaya: 2003, 2007, 2017, 2022, 2025.

Msomaji wa kwetu anaweza kudhani misitu ya Mediterania ni kitu dhaifu kinachovamiwa na moto kutoka nje. Sivyo. Hali ya hewa ya huko ina kasoro ya kipekee: mvua hunyesha wakati wa baridi, na joto huja pamoja na ukame. Mimea hukua sana majira ya kuchipua, halafu hukauka kwa miezi mitatu au minne jua likiwa kali kuliko wakati wote. Mimea iliyodumu hapo ni ile iliyojifunza kuishi na moto. Msonobari wa Aleppo hubakiza sehemu ya koni zake zikiwa zimefungwa kwa utomvu kwa miaka mingi juu ya matawi. Joto la moto huyeyusha utomvu, magamba hufunguka, na mbegu humwagika kwenye majivu yasiyo na mshindani. Mti mzazi hufa, lakini miche huota kwa wingi. Vichaka vya jamii ya sisto huacha mbegu zenye ganda gumu ardhini, na ganda hilo hupasuliwa na joto. Mialoni mingi na vichaka vyake huungua juu na kuchipua tena shinani mvua ya kwanza inaponyesha. Mwaloni wa vizibo wa Ureno, Hispania na kaskazini mwa Afrika una gome nene linaloukinga moyo wa mti, hivyo matawi huchipua juu kabisa kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini gome hilo huvunwa kila baada ya miaka tisa hivi, na moto ukifika mara baada ya mavuno mti huwa hauna ngao.

Kuna pia erika mrefu, kichaka chenye maua meupe madogo ambacho mzizi wake mnene hutumika kutengenezea viko vya kuvutia tumbaku. Huchipua kutoka kwenye mzizi huo baada ya kuungua. Aliyepanda Kilimanjaro amewahi kupita katikati yake, maana mmea huo huo huota kwenye milima yetu juu ya msitu wa mvua, na ukanda huo ndio uliowaka kwa siku nyingi Oktoba 2020.

Kwa hiyo moto wenyewe ni jambo la kawaida ya msitu. Kinachouumiza ni marudio na ukali wake. Msonobari wa Aleppo unahitaji miaka kati ya 10 na 20 kujiwekea akiba ya mbegu ya kutosha. Moto ukirudi kabla ya hapo hukuta miche isiyo na koni, na mahali palipokuwa msitu hugeuka vichaka. Moto ukija baada ya miaka mingi mno, hukuta kuni zimerundikana kutoka ardhini hadi vileleni. Moto unaotambaa chini hupanda vichaka, vichaka huuinua hadi kwenye matawi, na sasa unawaka kileleni, ukirusha cheche mbele yake mamia ya mita.

Kuni hizo zimetoka wapi? Hapa ndipo historia inapomshinda mtaalamu wa misitu. Hadi miaka ya 1950 vilima vya Hispania, Ugiriki, Sardinia na kusini mwa Ufaransa vilikuwa na watu. Walilima matuta, walichunga mbuzi na kondoo, walikata kuni na kuchoma mkaa, waligema utomvu wa misonobari, walikusanya majani makavu ya kutandika mazizini. Vilima vilikuwa vikavu, vimechoka, mara nyingi vimeharibiwa kwa malisho kupita kiasi, na hakuna sababu ya kuutamani umaskini ule. Lakini vilikuwa na mabaka mabaka: shamba hapa, malisho pale, msitu kule. Kisha wakaondoka kwenda Barcelona, Athens, Lyon na viwanda vya Ujerumani. Gesi ya mitungi ikaondoa haja ya kuni. Msitu ukarudi wenyewe kwenye matuta, na kwenye ramani za serikali ongezeko hilo lilihesabiwa kuwa mafanikio ya mazingira. Kwa upande mmoja lilikuwa hivyo kweli. Kwa upande mwingine, mabaka yaliunganishwa, kilima na kilima, hadi moto ukapata njia moja ndefu.

Ureno iliongeza lake. Kwa ajili ya viwanda vya karatasi ilipanda mkaratusi, mti tunaoufahamu sisi kwa nguzo na kuni, hadi ukafunika zaidi ya hekta 800,000, karibu robo ya misitu yake. Mkaratusi hukua haraka, majani yake yana mafuta, na gome lake hubambuka vipande virefu ambavyo upepo huvibeba vikiwaka. Karibu ardhi yote ya misitu ya Ureno ni ya watu binafsi, imegawanywa vipande vidogo vilivyorithiwa na kurithiwa tena, vingine wenyewe hawajulikani. Tarehe 17 Juni 2017, karibu na Pedrógão Grande, moto ulipita kwenye mashamba ya namna hiyo na kuua watu 66, wengi wao ndani au kando ya magari yao kwenye barabara ya N-236-1 walipokuwa wakikimbia. Tarehe 15 Oktoba mwaka huo huo, upepo wa kimbunga Ophelia kilichokuwa kikipita baharini ulichochea mamia ya mioto kwa siku moja, watu wapatao 50 wakafa tena.

Ni moto wa aina hii ambao zimamoto haiwezi kuuzima, na si kwa uzembe. Ukali wa moto hupimwa kwa nguvu inayotoka kwenye kila mita ya ukingo wake. Ukifika takriban kilowati 4,000 kwa mita, mtu mwenye bomba hawezi tena kuukaribia uso kwa uso. Ukivuka 10,000, maji ya ndege hayauzuii, kwa sehemu kwa sababu hugeuka mvuke kabla ya kufanya kazi. Mioto mikubwa ya sasa huvuka hapo mara nyingi. Mikubwa zaidi hujitengenezea hali ya hewa yake: moshi wa moto hupanda kilomita kadhaa, huwa wingu la radi, na wingu hilo likianguka husukuma upepo kila upande, kiasi kwamba utabiri wa asubuhi haufai tena saa tisa alasiri.

Wakatalani wa Hispania walilitambua hili mapema. Baada ya mioto mibaya ya 1994 na 1998, idara yao ya zimamoto ilianzisha mwaka 1999 kikosi kiitwacho GRAF, chenye kazi ya kuusoma moto kabla ya kupambana nao. Mchambuzi wake anayejulikana zaidi, Marc Castellnou, amekuwa akieleza kwa miaka mingi kitendawili ambacho wanasiasa hawapendi kukisikia: kila moto mdogo unaozimwa katika siku nzuri unaacha kuni zake kwa ajili ya siku mbaya. Tunazima mioto ambayo ingefanya kazi ya kupunguza vichaka kwa upole, tunaubakiza ule usiozimika. Kwa maneno mengine, uhodari wa zimamoto ni sehemu ya chanzo. Kikosi hicho hakikatai ndege, ila kinaanza na swali jingine: moto huu utafanya nini kwenye bonde linalofuata, na ni wapi kuna shamba au barabara tunayoweza kuitumia kuukata? Mara nyingi jibu ni kuwasha moto mwingine kutoka kwenye barabara hiyo, ukimbilie ule mkubwa na kumaliza kuni kabla haujafika. Kazi hiyo ni ya hatari. Julai 2009 wazimamoto watano walikufa Horta de Sant Joan, na taasisi ya Pau Costa, inayofundisha uchambuzi huu Ulaya, imepewa jina la mmoja wao.

Tuje kwenye ndege zenyewe, maana ndizo wananchi wanazozililia. Canadair CL-415, ile ya njano na nyekundu, hushuka juu ya bahari au ziwa, huteleza juu ya maji kwa takriban sekunde 12 na kuinuka na lita zaidi ya 6,000. Bahari ikiwa karibu inaweza kurudi tena na tena kwa saa nzima, na hakuna kifaa kinachoishinda kwa moto ambao ndio kwanza umewaka. Lakini kwa kawaida hairuki usiku, mawimbi makubwa huizuia kuchota, na upepo mkali, ambao ndio unaokuza moto, ndio pia unaofanya urukaji kwenye mabonde uwe mchezo wa mauti. Julai 2023 ndege ya familia hiyo ilianguka karibu na Karystos, kisiwani Euboea, na marubani wawili wa jeshi la anga la Ugiriki wakafa. Tena maji yanayotoka angani hayazimi moto peke yake. Huupoza, na kama hakuna watu chini wenye majembe, misumeno na mabomba wa kuumalizia ukingoni, baada ya muda unawaka upya.

Kiwanda kiliacha kutengeneza CL-415 mwaka 2015. Nchi za Ulaya, ambazo nyingi hutegemea ndege zilizozeeka, sasa zimeagiza kwa pamoja toleo jipya, DHC-515, baadhi kwa fedha za Umoja wa Ulaya kupitia rescEU, akiba ya pamoja ya vifaa vya uokoaji iliyoundwa 2019 baada ya maafa ya Ureno. Sina ugomvi na agizo hilo. Ninachokihofia ni kwamba ndege hununuliwa kwa sababu inaonekana. Waziri anaweza kusimama mbele yake akapigwa picha. Kichaka kilichofyekwa Februari hakipigwi picha na yeyote.

Teknolojia iliyoleta faida kubwa zaidi haina rangi wala mngurumo. Setilaiti za Copernicus, mpango wa Umoja wa Ulaya, na zile za Marekani zinaona sehemu zenye joto na kuchora mipaka ya eneo lililoungua. Kipimo cha hatari ya moto kilichobuniwa Kanada, kinachochanganya joto, unyevu, upepo na ukavu wa majani yaliyoanguka, sasa kinatumika kila siku kuonyesha ni wapi vikosi visogezwe kabla ya moshi wa kwanza. Kamera kwenye minara, zinazosaidiwa na programu za kutambua moshi, zinachukua kazi ya walinzi waliokuwa wakikaa juu kiangazi kizima na darubini. Ndege zisizo na rubani zenye kamera ya joto huonyesha usiku makaa yaliyojificha chini ya majivu, ili kikosi kisiondoke mapema. Kompyuta huiga mwendo wa moto kwa saa zijazo, na ingawa hukosea moto unapojitengenezea upepo, humpa kamanda jambo la kufikiria.

Lakini ukiniuliza ni chombo gani kimeokoa roho nyingi zaidi, nitataja simu ya mkononi. Tarehe 23 Julai 2018 moto ulishuka na upepo mkali wa magharibi hadi Mati, mji mdogo wa mapumziko ufukweni mashariki mwa Athens. Watu 104 walikufa. Barabara zilikuwa nyembamba, njia nyingi za kwenda baharini zilikuwa zimezibwa na kuta na nyumba, na hakuna aliyewaambia watu wahame wakati kuhama kulikuwa kukiwezekana. Msitu wa Mati haukuwa mkubwa, kwa hiyo hadithi yangu ya kuni na mabaka haitoshi kuueleza. Lile lilikuwa kosa la mipango miji na la mawasiliano. Baadaye Ugiriki ilianza kutuma maonyo kupitia namba 112 kwa kila simu iliyo katika eneo la hatari, na mwaka 2021, Euboea ya kaskazini ilipoungua kwa takriban hekta 50,000, maelfu walitolewa, wengine kwa vivuko, na waliokufa walikuwa wachache mno. Wanavijiji walilalamika kwamba waliamriwa waache nyumba ambazo wangeweza kuzilinda, na katika vijiji kadhaa waliokataa kuondoka ndio waliozinusuru. Malalamiko hayo yana haki. Mzee anayejua kisima kiko wapi na upepo hugeukia wapi jioni si mzigo wa kuokolewa tu.

Onyo pia lina mipaka yake. Agosti 2023 moto wa Evros, mpakani mwa Ugiriki na Uturuki, uliteketeza zaidi ya hekta 80,000, mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa katika Umoja wa Ulaya hadi wakati huo, na ulipita kwenye msitu wa Dadia, makazi ya tumbusi weusi. Karibu na kijiji cha Avantas ilipatikana miili 18 ya watu wanaodhaniwa kuwa wahamiaji waliokuwa wakijificha porini. Ujumbe unaosema "ondokeni" humsaidia aliye na mahali pa kwenda.

Basi turudi kwenye kuni. Zinaweza kupunguzwa kwa njia ambazo kila afisa misitu wa Tanzania au Zambia anazifahamu: kuchoma mapema, nyasi zingali na unyevunyevu, ili kiangazi kikikomaa pasiwe na cha kuungua. Miombo imetunzwa hivyo kwa vizazi. Ureno ilianza uchomaji uliopangwa kwenye misonobari yake ya kaskazini miaka ya 1980, Hispania na Ufaransa zinautumia wakati wa baridi, Ugiriki ilikawia sana. Tofauti na kwetu ni kwamba nyasi za savana huungua na kuota upya kila mwaka, ilhali vichaka vya Mediterania hulimbikiza kuni kwa miongo, na siku zinazofaa kuchoma, zisizo na mvua wala upepo, ni chache kila mwaka. Mtu anaweza kusubiri majira yote ya baridi asipate wiki mbili nzuri.

Njia nyingine ni mdomo wa mnyama. Katika Girona, Katalonia, mradi uitwao Ramats de Foc huchagua pamoja na wazimamoto sehemu ambazo moto ungeweza kukatwa, kisha wachungaji hupeleka kondoo na mbuzi kuwalisha huko, na nyama na jibini zao huuzwa kwa chapa inayomweleza mnunuzi kazi hiyo. Si lazima kulisha kilima kizima. Inatosha kushikilia vituo vilivyochaguliwa ili kikosi kikifika kiwe na mahali pa kusimama. Ila mbuzi hali kila kitu, mchungaji wa leo anataka likizo na intaneti, na bei ya jibini haifidii huduma anayoifanya. Bila malipo ya moja kwa moja kwa kazi ya kukinga moto, mradi wa namna hii utabaki kuwa mfano mzuri wa kuonyeshwa wageni.

Wapo wanaosema hayo yote ni bure kwa sababu joto la dunia limeshabadilisha mchezo. Wana hoja. Ukame wa muda mrefu na siku zinazozidi nyuzi 40 hugeuza hata majani mabichi kuwa kuni, na majira ya moto yanaanza mapema na kuisha kwa kuchelewa. Hakuna mbuzi atakayezuia hilo. Lakini joto la dunia halipunguzwi na mkoa wa Zamora peke yake, ilhali kuni zinapunguzika. Msitu uliochomwa kwa upole au kulishwa bado utaungua siku mbaya, ila huenda ukaungua kwa kiwango ambacho mtu anaweza kukikaribia, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kikosi kitapigana au kitakimbia.

Kilichobaki ni fedha na hati. Kwa muda mrefu Ureno ilitumia takriban sehemu nne kati ya tano za bajeti ya moto katika kuzima. Baada ya 2017 iliunda wakala wa kuratibu, AGIF, na kusogeza uwiano huo hadi kinga ikaanza kupata sehemu inayolingana na ya kuzima. Sheria inadai mita 50 zifyekwe kuzunguka nyumba na mita 100 kuzunguka vijiji, na asipofyeka mwenyewe, manispaa inaweza kufyeka na kumpelekea gharama. Ni sheria nzuri hadi unapouliza bili itumwe kwa nani. Babu alikufa bila wosia, wajukuu wako Ufaransa na Uswisi, na ramani ya mpaka ipo kichwani mwa jirani mwenye umri wa miaka 85. Ndiyo maana huduma ya kusajili ardhi iitwayo BUPi ilianza kama majaribio katika manispaa kumi, Pedrógão Grande ikiwa mojawapo: mwananchi anakuja na kumbukumbu zake, karani anamfungulia picha ya angani, na mzee anaonyesha kwa kidole pale ambapo ukuta wa mawe wa baba yake uliishia.